Picha ya Bibi: Je, Uongo wa Huruma Una Ruhusa?



Hivi karibuni, watu walipokuwa wakitoka Misa, kijana mmoja wa darasa la Kipaimara alinisimamisha mlangoni pa kanisa akaniuliza swali. Alisema, "Mwalimu, kama uongo unamfurahisha mtu wala haumdhuru, je, huo nao ni dhambi?" Mimi, kwa mazoea ya miaka mingi ya ubao na chaki, nilimjibu upesi kwa maneno ya vitabu, naye akashukuru akaenda zake. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nyumbani niliona haya, kwa maana nilimjibu kama mtu ambaye jambo hilo halijapata kumfika. Kumbe mimi ninayo habari yangu mwenyewe, na kwa zaidi ya miaka 40 sijapata kuieleza mbele ya watu. Basi naiandika hapa, ili kijana yule apate jibu lililo bora kuliko lile la mlangoni, na ninyi nyote mpate kulipima.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu wa miaka 25 katika shule ya msingi wilayani Muheza. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu nyuma, pamoja na rafiki yangu mmoja tuliyelala bweni moja, tukala ugali wa sufuria moja, na kwa bahati tukapangiwa kazi katika tarafa moja. Rafiki huyo alipata mchumba, na harusi ikapangwa mwezi wa Septemba mwaka huo.

Ninyi mliokuwa watu wazima wakati ule mnakumbuka hali ilivyokuwa. Sukari ilikuwa ya kutafuta, sabuni ya kutafuta, na anayepata kitambaa kipya alisimuliwa kijiji kizima. Sukari ya chai ya harusi ile ilikusanywa nyumba kwa nyumba, kibaba huku na nusu kibaba kule. Kumlipa mpiga picha aje kutoka Tanga mjini lilikuwa jambo lisilofikirika.

Mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Tanga, alikuwa na kamera, naye akakubali kuniazima pamoja na flashi yake. Akanipa na mkanda mmoja wa picha 36 aliokuwa amepewa na baharia. "Ni mmoja tu," aliniambia. "Ukiisha umekwisha." Rafiki yangu aliposikia habari hiyo alinishika mikono yote miwili akasema, "Basi picha zangu ni wewe." Mimi nilikuwa sijapata kupiga picha za harusi hata moja. Kamera ile nilikuwa nimeijaribu mara mbili tatu kwa kumpiga mjomba na mbuzi wake. Lakini nani atamkatalia rafiki jambo kama hilo? Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi."

Vijana wengi wa leo hawakuujua mkanda, kwa hiyo nieleze kidogo. Ulikuwa utepe wa plastiki uliopakwa dawa inayogeuka ikipigwa na mwanga, nao ulizungushwa ndani ya kikopo kidogo kisichopitisha nuru. Kila ukipiga picha moja huna budi kuvuta kipini kwa kidole gumba, ili sehemu mpya ya utepe ije nyuma ya lenzi. Kipini hicho hicho ndicho kilichotega kamera kwa picha iliyofuata. Mkanda ukifika mwisho, kipini kinagoma, na kamera haipigi tena. Tena huoni picha yoyote siku ile. Ni lazima mkanda upelekwe studio ukasafishwe gizani kwa madawa, na kwa sisi watu wa shamba hiyo ilikuwa kazi ya majuma mengi. Kwa hiyo mpiga picha wa zamani aliaminiwa sana. Watu walimkabidhi nyuso zao bila kujua amechukua nini, wakangoja.

Asubuhi ya harusi Padre aliniita sakristia akaniambia maneno machache. Nisivuke kizuizi cha altare, nisimulike flashi watu wanapoomba, na nikumbuke kwamba mimi nami nimekuja kusali. Nilikubali yote. Ukweli ni kwamba sikusali. Wakati wa viapo mikono ilinitetemeka, na wakati wa kuvishana pete nilichelewa kubonyeza, nikapata picha nzuri sana ya kiwiko cha mpambe. Mashahidi walipotia sahihi katika daftari nilipata moyo kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, nami nikajiona shahidi wa tatu, mwenye kamera mkononi. Kumbukeni neno hilo, shahidi, maana nitalirudia.

Nje ya kanisa ndipo nilipopotea. Viongozi wa Chama wa kata walitaka kusimama na maharusi, kisha wasimame peke yao. Mwalimu mkuu wangu alitaka picha pamoja na mkewe. Mratibu wa elimu alifika amechelewa, ikabidi tuanze upya kwa ajili yake. Mimi nilikuwa mwalimu mdogo, na kila mkubwa aliyejiweka tayari mbele yangu nilimpiga. Baadaye nilihesabu nikakuta kwamba katika picha 36, picha 13 zilikuwa za wakubwa.

Bibi yake bwana harusi, mama mzaa baba yake, hakuwa miongoni mwao. Yeye ndiye aliyemlea rafiki yangu tangu mama yake alipofariki. Siku ile alikuwa ameshuka kwa miguu kutoka milimani upande wa Amani tangu alfajiri, na alipofika alikwenda moja kwa moja nyuma, penye masufuria, akaketi na wapishi kuchambua mchele. Jua lilipokuwa limeinama ndipo alipokuja mbele. Alikuwa amevaa doti ya kanga mpya, bado ina mikunjo ya sandukuni.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "na mimi je? Sijapata kupigwa picha tangu nizaliwe."

Nikavuta kipini. Kikagoma. Nikatazama namba: 36.

Watu wote walikuwa wakitutazama. Mmoja akasema, "Mpige Bibi, Mwalimu!" Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi akajitengeneza kanga, akavua ndara zake akazisukuma pembeni, akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni kama mwanafunzi gwarideni. "Nicheke au nisicheke?" akauliza. "Cheka, Bibi," nikamjibu. Nikainua kamera usoni. Haikulia, kwa kuwa haikuwa na cha kupiga. Lakini nyuma ya flashi kulikuwa na kitufe kidogo cha kuijaribia. Nikakibonyeza. Mwanga ukamulika, watu wakashangilia, na Bibi akaja akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ahsante, mjukuu wangu," akasema. "Sasa na mimi nimo."

Ndugu zangu, nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Kamera yenyewe ilikataa kumdanganya. Ilikuwa imefungwa kabisa, wala hapakuwa na bahati mbaya wala kukosea. Ni mimi niliyetafuta kitufe kile kwa kidole changu.

Picha zilipotoka studio, 31 zilikuwa safi, nami nikasifiwa mno. Wengine walisema nimekosea kazi, ningefaa kuwa mpiga picha. Sifa zile zilinifanya niwe mwoga zaidi. Nilipokutana na Bibi sokoni au kanisani nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Naye, "Marahaba, mjukuu wangu. Picha yangu?" Nami nikajibu, "Bado, Bibi, iko studio." Nilijibu hivyo mara nne, na kila mara ilikuwa nyepesi kuliko mara iliyotangulia.

Bibi alifariki wakati wa masika ya mwaka 1985. Baada ya maziko rafiki yangu alikuja kwangu jioni, akaketi barazani, akaniomba ile picha. Jamaa walitaka kuwa nayo, kwa kuwa marehemu alikuwa amewaambia wote kwamba ipo. Nilitaka kusema bado iko studio. Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Badala yake nikasema, "Hakuna picha. Haikuwapo tangu siku ile." Nikamweleza habari ya kitufe.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba wakati wa Krismasi iliyopita alikuwa ameweka akiba ya fedha, akataka kumchukua Bibi hadi studio Tanga mjini apigwe picha na wajukuu zake. Bibi akakataa. Alimwambia, "Fedha zako ziweke, Mwalimu alishanipiga." Halafu rafiki yangu akainuka akavaa viatu vyake. Alipofika penye ngazi akageuka. "Ungemwambia tu kwamba mkanda umekwisha," akasema. "Angecheka. Si unamjua Bibi."

Hiyo ndiyo habari yangu. Sasa turudi kwenye swali la kijana.

Wako watakaonitetea. Mwalimu mwenzangu mmoja, niliyemweleza jambo hili faraghani, aliniambia, "Unajitesa bure. Ulimpa mama mzee saa moja ya furaha. Furaha ile ilikuwa ya kweli hata kama picha haikuwa ya kweli." Sioni kwamba neno hilo ni la kudharauliwa. Bibi alifurahi kweli, alicheka, na jioni ile alicheza ngoma. Tena hata Maandiko yana watu waliosema yasiyo kweli na Mungu hakuwatupa. Wakunga wa Kiebrania, Shifra na Pua, katika kitabu cha Kutoka, walimdanganya Farao ili watoto wachanga wapone. Rahabu wa Yeriko aliwaficha wapelelezi juu ya dari yake na kuwapoteza askari njia. Kijana akisoma habari hizo ana haki ya kuuliza: kama wao walibarikiwa, kwa nini Mwalimu ahukumiwe kwa ajili ya flashi?

Swali hilo si geni katika Kanisa, na aliyelichimba kwa undani alikuwa mtu wa bara letu. Mtakatifu Augustino alikuwa Askofu wa Hippo, mji wa Afrika ya Kaskazini ambao leo unaitwa Annaba, katika nchi ya Algeria. Aliandika vitabu viwili juu ya uongo, cha kwanza yapata mwaka 395 na cha pili yapata mwaka 420. Katika kile cha kwanza aliugawa uongo katika aina 8, tangu ule wa kupotosha mafundisho ya imani, ambao ni mbaya kuliko wote, hadi ule usiomdhuru mtu yeyote na unaomwokoa mwingine. Alisema zote ni dhambi, ila hazilingani uzito. Na kuhusu wale wakunga alisema Mungu alibariki huruma yao, hakubariki uongo wao.

Msidhani Augustino alikuwa mtu wa moyo mgumu. Katika kitabu cha pili anaeleza mfano wa mgonjwa aliye taabani, ambaye mwanawe mpenzi amekwisha kufa bila yeye kujua. Mgonjwa anauliza, je, mwanangu yu hai? Ukimwambia kweli, yumkini habari hiyo itamwua. Askofu anakiri kwamba mfano huo unamchoma moyo, na kwamba yeye mwenyewe ni mwanadamu. Hata hivyo hakulegeza neno lake. Lakini alifundisha pia kwamba kuficha jambo si sawa na kusema uongo. Mtu anaweza kunyamaza, anaweza kungoja, anaweza kuchagua saa ya kusema.

Mimi si mwanateolojia. Nilifundisha hesabu na Kiswahili. Lakini nikiweka habari yangu kando ya habari ya wakunga naona tofauti moja kubwa. Wao walikuwa wanyonge, wakasimama mbele ya mfalme mwenye upanga, wakahatarisha shingo zao kwa ajili ya watoto wasio wao. Mimi nilikuwa msomi, mwenye kamera shingoni, nikisimama mbele ya mama mzee asiyejua kamera inavyofanya kazi, wala hapakuwa na hatari yoyote ila ya kuchekwa. Uongo wao uliwakinga wanyonge mbele ya mwenye nguvu. Wangu ulimkinga mwenye nguvu mbele ya mnyonge. Siwezi kujificha nyuma ya Shifra na Pua.

Na hapo ndipo ninapoona shina la jambo lenyewe. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilibonyeza kitufe kile ili Bibi asihuzunike. Sivyo. Bibi angehuzunika kidogo, angecheka, angerudi kwa wapishi. Mtu ambaye hangeweza kustahimili alikuwa mimi. Kusema "mkanda umekwisha" mbele ya watu wale kungekuwa sawa na kusema: nimempiga mratibu wa elimu mara tatu, nami nimemsahau mama aliyemlea bwana harusi. Hilo ndilo nililolificha kwa mwanga wa flashi. Niliita huruma, lakini nilijihurumia mwenyewe.

Kisha liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Uongo wangu ulimfungia Bibi mlango. Kama angejua kwamba hana picha, angeweza kuitafuta. Mjukuu wake alikuwa tayari na fedha mkononi, na basi la kwenda Tanga lilikuwapo. Lakini ashibaye hatafuti chakula, na Bibi nilimshibisha kwa hewa. Kijana alisema "uongo usiomdhuru mtu." Nami nilipoinua kamera ile ningekuapia kwamba haumdhuru mtu. Sikujua habari ya Krismasi ya mwaka uliofuata. Mwenye kudanganya hajui kamwe mlango anaoufunga, kwa kuwa yule aliyedanganywa ndiye ambaye angeufungua kesho au keshokutwa.

Mtaniuliza, je, na adabu zetu? Mtu anaamka na homa, jirani anamwuliza, "Hujambo?" naye anajibu, "Sijambo." Je, amesema uongo? La, hasha. Sote tunajua kwamba jibu hilo ni mlango wa mazungumzo. Mwenye homa atasema sijambo, kisha ataongeza "ila" na kueleza homa yake. Hali kadhalika bibi akiwaambia watoto "Paukwa" nao wakajibu "Pakawa," wamekubaliana kusikia hadithi, na sungura anaweza kusema apendavyo. Wote wawili wanajua mchezo. Penye maneno ya namna hiyo hakuna aliyedanganywa. Lakini Bibi aliposimama wima mbele yangu bila ndara, yeye hakuwa katika mchezo. Yeye alikuwa anapigwa picha. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikicheza.

Nilisema mkumbuke neno shahidi. Amri ya Mungu inakataza ushahidi wa uongo, nasi kwa kawaida tunafikiri habari za mahakamani. Lakini mtu anayeitwa kupiga picha harusini ameitwa awe shahidi, aje aseme baadaye: fulani alikuwapo, alivaa hivi, alicheka. Bibi alikuwapo, naye aliomba ushahidi huo kwa maneno machache, "na mimi nimo." Mwaka 2023 rafiki yangu na mkewe walitimiza miaka 40 ya ndoa, wakatoa albamu ile mezani, vitukuu wakaifunua. Wakubwa wote 13 wamo. Wengi wao hakuna aliyeweza kuwataja majina. Mtoto mmoja aliuliza, "Na yule Bibi mnayemsema kila siku yuko wapi?" Rafiki yangu akajibu kwa utulivu kwamba siku ile mkanda ulikwisha. Alisema kweli, na hakunitaja. Nilimshukuru moyoni, nikamwambia mtoto yaliyobaki mimi mwenyewe.

Leo hakuna kipini kinachogoma. Harusini kila mtu ana simu, na picha zinapigwa mamia kwa mamia bila kuhesabu. Mtu angedhani kosa langu haliwezekani tena. Lakini tazameni. Mara ngapi mzee anasimamishwa, anapigwa picha, anaambiwa, "Nitakutumia," naye hatumiwi? Mara ngapi simu imejaa, au betri imekwisha, na kijana anainyanyua tu ili asimkatalie mama mdogo? Mara ngapi tunamwambia mwombaji wa kazi "tutakupigia," au mjane "tunalishughulikia jambo lako," na tumekwisha kulitupa? Hiyo ni flashi bila mkanda. Mwanga unamulika, mtu anakwenda zake akifurahi, kisha anangoja.

Liko na jambo zito zaidi, la wagonjwa wetu. Jamaa hukutana nje ya wodi wakakubaliana kwamba mama asiambiwe ugonjwa wake. Sisemi kwamba kila kweli itupwe kitandani kama jiwe. Yule Askofu wa Hippo ametuonyesha kwamba kuna kunyamaza na kuna kungoja saa yake. Lakini mama akiuliza mwenyewe, kwa akili timamu, tujiulize tunamkinga nani. Huenda anataka kugawa shamba lake, kupatana na dada yake, au kuomba Padre aje. Tukimwambia "utapona tu, ni malaria," tunaweza kumfungia milango hiyo yote, na sisi tukapata nafuu ya kutomtazama machoni.

Basi, kijana wangu, jibu ninalokupa leo ni hili. Utakapokuwa karibu kusema uongo wa huruma, simama kwanza ujiulize maswali mawili. La kwanza: katika sisi wawili, ni nani hasa anayekingwa na uongo huu? La pili: akiamini ninachomwambia, ataacha kutafuta nini? Mimi ningejiuliza maswali hayo mawili pale nje ya kanisa, nisingepata kibali cha kubonyeza. Wala sijapata, katika miaka yangu yote, kuona uongo wa kumfurahisha mtu ukipita salama katika maswali yote mawili. Ukiniletea mmoja, tutauzungumza, maana mimi nami bado najifunza.

Na kweli yenyewe mara nyingi si ghali kama tunavyoiogopa. Maneno yangu yalipaswa kuwa haya: "Bibi, nisamehe, mkanda umekwisha, nami nimekosa kukusahau. Nitakutafutia mwingine." Hesabuni, ni maneno 9 tu. Yangenigharimu aibu ya dakika moja. Badala yake yamenigharimu miaka, na yeye yalimgharimu picha.

Nilikwenda kuungama, na Padre aliniondolea dhambi kwa mamlaka aliyopewa. Nayaamini maondoleo hayo. Lakini maondoleo hayaleti picha. Nalimwuliza Padre nifanye nini zaidi, naye akaniambia niwatazame walioketi penye masufuria. Tangu siku hiyo, kila harusi niendayo, kabla sijaketi, huzunguka nyuma nikawaamkia akina mama wapishi na wazee waliojificha kivulini. Siku hizi nina simu kama watu wote. Nikimpiga mtu picha, naipeleka kuchapishwa juma lile lile, nami nampelekea mkononi. Na nikiwa siwezi, nasema siwezi.

Ninyi wasomaji, yumkini yuko mtu anayengoja picha yenu, au jibu lenu, au neno la kweli mliloliahirisha. Mwendeeni juma hili, angali akiuliza. Mungu atujalie sote ujasiri huo mdogo. Amina.